Kuacha unga sio ishu, ishu ni wiki ya pili

Jamani mi nimechoka na hii kauli ya "akiamua ataacha". Wanaamua sana tu! Kuna vijana wanaacha unga, yaani heroini, mara tano mara sita kwa mwaka, kila arosto (mwili kuudai unga) ikiwabana wanaapa hawarudi tena. Na hiyo arosto pamoja na mateso yake yote, kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, usiku kucha macho kodo, siku mbili tatu za mwanzo ndo inakuwa kali kwelikweli, baada ya wiki hivi mwili unatulia. Basi nyumbani vigelegele, kapona!

Wapi. Mtu aliyekuwa anaamka na ratiba kamili (kusaka hela, kumsaka pusha, kuvuta, kusinzia, kuanza upya) sasa ana siku nzima tupu, washkaji walewale, kijiwe kilekile na namba ya pusha bado ipo kwenye simu.

Huwa nawakumbuka wanajeshi wa Marekani waliopigana Vietnam. Mwaka 1971 ikagundulika wengi wao wanatumia heroini, karibu mmoja kati ya watano alikuwa kashakuwa mraibu, serikali yao ikaingia kiwewe. Mtafiti Lee Robins akawafuatilia waliporudi kwao, akakuta wengi wao hawakurudia uraibu! Mazingira yote yalibadilika kwa mpigo, watu, kazi, mahali. Sisi kijana akitoka soba (nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha) tunamrudisha chumba kilekile alichokuwa anavutia, halafu tunamwambia awe na msimamo.

Na hili halisemwi kabisa: ukikaa safi miezi miwili mwili unapoteza ule uzoefu, ukiteleza ukarudia kipimo chako cha zamani unaweza kuzima hapohapo. Ndo maana wanaotoka soba au jela wako kwenye hatari kubwa ya kufa kwa kuzidisha. Ipo dawa, naloksoni, ikiwahi inamrudisha mtu, ila familia ngapi zinaijua? Badala yake tunamfokea aliyeteleza mpaka anaenda kutumia kwa kujificha, peke yake, hata wa kumshtua hayupo.

Halafu wale wa "methadoni si unga mwingine tu". Methadoni ni dawa anayopewa mraibu wa heroini badala ya unga, dozi moja kwa siku, inapimwa na daktari, arosto inakaa mbali na kichwa kinafanya kazi, wengine wanainywa miaka na sioni shida. Mtu anaamka, anakunywa dozi yake, anaenda kibaruani, jioni yuko na wanae, wewe unamwita teja kwa lipi hasa?