Grafu ya feni ya chumba cha nyuzi 20 haifai Mtwara

Wengi wanaoweka programu ya kuendesha feni za kompyuta huku kwetu hunakili grafu waliyoiona kwenye video: feni asilimia 20 mpaka prosesa ifike nyuzi 50, asilimia 40 ikifika 60, na kuendelea. Kwangu hilo ni kosa. Grafu ile imechorwa kwenye chumba cha nyuzi 20. Steshenari yenye paa la bati, iwe Mtwara mjini au Lindi, saa nane mchana mwezi Desemba, ina nyuzi 32 au 33, na feni haina hewa nyingine ya kuvuta ila hiyohiyo.

Hitsinki (chuma chenye mapezi kinachotoa joto la prosesa) yenye feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Kazi ikiipandisha nyuzi 45 juu ya hewa ya chumbani, kwao itasoma 65, kwetu 77, na hakuna kilichoharibika. Taabu iko pale mashine inapotulia: itacheza kwenye 50, palepale grafu ya kunakili inapoanza kupanda, na feni itavuma na kunyamaza kutwa nzima. Mwenye mashine anadhani feni ni mbovu, anakwenda kununua nyingine bure.

Kwa hiyo anza na kipimajoto cha ukutani. Andika joto la chumba, fungua HWiNFO, programu ya kusoma joto, iache mashine itulie dakika 15, kisha ipe kazi nzito dakika 20 na uandike kilele. Hapo ndipo uchore grafu kwenye FanControl, ambayo ni ya bure kwa Windows. SpeedFan, programu nyingine ya kuendesha feni, waachie wenye mashine za zamani. Haizitambui mazabodi mpya. Wa Linux wana lm-sensors, ya kusoma joto na feni: endesha sensors-detect, kisha pwmconfig.

Kwa deskitopu ya kawaida hapa pwani ningeanza hivi: asilimia 30 mpaka nyuzi 58, 50 kwenye 68, 75 kwenye 78, na 100 kwenye 86. Weka pengo la nyuzi 4 kabla feni haijaruhusiwa kushuka tena, pamoja na kuchelewa sekunde 3. Pengo hilo ndilo linaloondoa ule mvumo wa kupanda na kushuka. Usiteremshe feni ovyo: inayozunguka vizuri kwa asilimia 20 huenda isiweze kuanza kutoka kusimama mpaka ipewe 30, kwa hiyo jaribu kila feni peke yake. Feni ya waya tatu inadhibitiwa kwa volti. Ukiiacha BIOS (mipangilio ya mazabodi yenyewe) kwenye PWM, njia ya feni za waya nne, itakimbia kasi yote, na programu itaonekana haifanyi kazi. Badilisha iwe DC, yaani njia ya volti. Na ndani ya BIOS yenyewe acha grafu salama, kwa sababu programu ikizimika, hiyo ndiyo inayobaki.

Ukiona kihisi kinasoma nyuzi 127 bila kutikisika, usikimbie kuzima mashine. Mara nyingi ni pini ya mazabodi ambayo haijaunganishwa na chochote. Kifiche. Na usiwashe programu mbili za kuendesha feni kwa pamoja, zitagombania chipu moja na namba zitavurugika.

Laptopu ni habari nyingine, nyingi haziruhusu programu ya nje kugusa feni. Hapo kusoma joto tu kunatosha, na kuinyanyua nyuma ili ipate hewa.

Namba ya kutunza ni ile tofauti kati ya kilele na joto la chumba. Iandike kwa maka peni ndani ya kifuniko cha kasha, pamoja na tarehe. Rudia jaribio lilelile kila baada ya miezi mitatu, kasi ya feni ikiwa ileile. Ikitoka 45 ikafika 55, grafu haina kosa, usiiguse. Fungua, shika mapanga ya feni yasizunguke, puliza vumbi kwa blowa, futa pesti kavu iliyo kati ya prosesa na hitsinki kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya kunde. Kwa mashine zilizo karibu na bahari, Shangani au Mikindani, angalia pia mapezi ya hitsinki: yakiwa na unga mweupe unaorudi hata baada ya kufutwa, chumvi imeshayala. Nunua hitsinki nyingine, kisha upime tofauti upya.