Tanga lililoshushwa: CUF na kura za pwani tangu 1995

Oktoba 2015 wapiga kura wa Tanga Mjini walimchagua Mussa Mbarouk wa Chama cha Wananchi, CUF, kuwa mbunge wao. Uchaguzi uliofuata, wa 2020, jimbo likarudi CCM kwa Ummy Mwalimu, na chama ambacho jina lake lilikuwa halikosekani katika mazungumzo ya mitaa ya Ngamiani na Makorora kikawa hakitajwi ila kwa kukumbukwa. Ukikaa barazani ukauliza kilichotokea, utapewa jibu moja kati ya mawili. Wapo wanaosema chama kiliuawa, na wapo wanaosema kilijiua. Majibu hayo nimeyasikia kutoka kwa watu waliokuwa wakivaa fulana za chama kimoja, na kila jibu lina ukweli wake, ingawa kwa maoni yangu hayalingani uzito.

CUF ilizaliwa 1992, mwaka ambao mfumo wa vyama vingi ulirudishwa nchini, kwa kuunganishwa makundi mawili: KAMAHURU ya Zanzibar na Chama cha Wananchi cha upande wa bara kilichoongozwa na James Mapalala. Katika familia ya vyama vya dunia kilijiunga na vyama vya kiliberali, yaani vile vinavyotanguliza uhuru wa mtu, mipaka ya mamlaka ya serikali na uchumi usioendeshwa kwa amri. Hata hivyo, sidhani kama kuna aliyekipigia kura hapa Tanga kwa sababu ya jina hilo. Uliberali wa CUF uliwafikia watu kwa maneno manne tu, "Haki sawa kwa wote", na maneno hayo yalitosha. Mji huu uliona mashamba ya mkonge yakidorora na viwanda vikifungwa, na kama chama kingekuja kuhubiri soko huria, kingeulizwa soko hilo limewafanyia nini waliopoteza kazi. Kilichoeleweka ni upande wa haki: kwamba mtu asinyimwe nafasi kwa sababu ya mahali alipozaliwa, dini yake au kadi ya chama anayoibeba.

Historia yake katika masanduku ya kura haifuati mstari mmoja wa kupanda na kushuka, na hapo ndipo wachambuzi wengi wanapojikwaa. Katika uchaguzi wa rais wa Muungano wa 1995 Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF alipata asilimia 6.4 tu, wakati Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi alipata karibu 28. Katika majimbo, CUF ilipata viti 24 na NCCR viti 16. Chama chenye kura chache za urais kilipata wabunge wengi kwa sababu kura zake zilirundikana mahali pamoja, Pemba, ambako kilishinda majimbo yote, ilhali za NCCR zilitawanyika nchi nzima. Zanzibar kwenyewe, mgombea urais wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, alitangazwa kushindwa na Dkt. Salmin Amour wa CCM kwa asilimia 49.8 dhidi ya 50.2, tofauti ambayo chama hakikuikubali na ambayo ilizaa uhasama wa miaka mingi, ukafikia umwagaji damu wa Januari 2001 na kisha Muafaka, yaani makubaliano ya CCM na CUF, wa Oktoba mwaka huohuo.

Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na CUF mbili ndani ya jina moja. Ya visiwani ilikuwa na kura zake yenyewe, za kurithishana nyumba kwa nyumba, ambazo hazikutikisika uchaguzi baada ya uchaguzi. Ya bara ilipanda pale chama kingine kilipoipisha njia. Mwaka 2000 Lipumba alifika asilimia 16.3, akawa wa pili nyuma ya Benjamin Mkapa, lakini mwaka huo NCCR ilikuwa imeshasambaratika na CHADEMA ilimuunga mkono badala ya kusimamisha mgombea wake. CHADEMA iliposimama yenyewe 2005, Lipumba alishuka hadi 11.7, na 2010, Dkt. Willibrod Slaa alipoingia ulingoni, akabaki na takriban 8. Katika mwaka huohuo wa 2010, wakati chama kikififia bara katika kura za urais, huko Zanzibar kiliingia katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa na Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Mguu mmoja ulikuwa ukipanda ngazi huku mwingine ukiteremka.

Tanga ilikuwa mguu upi? Swali hili ndilo linalonishughulisha zaidi, kwa sababu mji wetu haukai sawasawa upande wowote. Kisheria na kiutawala ni bara. Kwa damu na kwa bahari ni jirani wa Pemba: majahazi yamekuwa yakivuka kati ya bandari hii na Wete na Mkoani tangu enzi za mababu, na si rahisi kupita mitaa ya Ngamiani bila kukutana na nyumba yenye ndugu ng'ambo. Hata hivyo, kwa miaka 20 undugu huo haukugeuka kuwa kiti cha ubunge. Kuanzia 1995 hadi 2010 jimbo lilibaki mikononi mwa CCM, na 2015, CUF iliposhinda mjini, majimbo mengine ya mkoa, kuanzia milima ya Lushoto hadi Handeni na Pangani, yalibaki kwa CCM vilevile.

Anayesema ushindi wa 2015 ulikuwa wa kuazima ana hoja nzito. Mwaka huo kulikuwa na Ukawa, muungano uliotokana na mvutano wa Bunge Maalumu la Katiba la 2014, ambao uliziweka CUF, CHADEMA, NCCR-Mageuzi na NLD nyuma ya mgombea mmoja wa urais, Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyekuwa ametoka CCM. Muungano huo uliachiana majimbo, na CUF ikapata viti ambavyo haikuwahi kuvigusa: Tanga Mjini, Temeke, Kinondoni, Mtwara Mjini, Tandahimba, Liwale na vinginevyo, ilhali 2010 viti vyake vya bara vilikuwa viwili tu, Lindi Mjini na Kilwa Kusini. Lowassa alipata karibu asilimia 40, na wimbi hilo lilimbeba kila aliyesimama chini yake.

Hoja hiyo, hata hivyo, inaacha swali moja nyuma. Wakati washirika walipogawana majimbo, kwa nini Tanga ilipewa CUF na si CHADEMA? Ilipewa kwa sababu matawi yalikuwepo, na wazee waliokuwa wakiyafungua na kuyafunga tangu miaka ya tisini walikuwepo, wengine wakiwa wameshazoea kushindwa. Mshirika hakuachiwa jimbo mahali asipokuwa na mizizi. Ukiitazama orodha ya majimbo ya bara ambayo CUF ilishinda mwaka huo, kuanzia Tanga hadi Mtwara, utaona kwamba mengi ni ya mwambao au yako karibu nao. Wimbi lilikuwa la kuazima, lakini chombo kilichopanda juu yake kilikuwa kimeundwa hapahapa.

Waliozoea kusoma siasa za nje watakumbuka kwamba hali hii haikuwapata Watanzania peke yao. Chama cha Kiliberali cha Uingereza kilishinda kwa kishindo mwaka 1906 na kuongoza serikali, lakini kufikia 1924 kilibaki na wabunge 40 tu, baada ya kugawanyika kati ya wafuasi wa viongozi wake wawili, Asquith na Lloyd George, huku chama kipya cha Labour kikiwachukua wafanyakazi. Mwaka 1983 Waliberali na washirika wao walipata robo ya kura zote na viti 23 tu, kwa sababu kura zao zilitawanyika. Mwaka 2024 warithi wao walipata asilimia 12 ya kura na viti 72, kwa sababu walijua pa kuzielekeza. Katika mfumo wa mshindi kuchukua jimbo zima, ramani ya kura ina nguvu kuliko wingi wake, na mpasuko wa viongozi huharibu ramani hiyo kabla haujawaondoa wapiga kura wenyewe.

Turudi kwa wanaosema chama kiliuawa. Ushahidi wao si wa kubeza. Oktoba 28, 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alifuta uchaguzi mzima wa visiwani, wakati Maalim Seif akidai ameshinda, na marudio ya Machi 2016 yalifanyika bila CUF kushiriki. Hapa Tanga, madiwani wa CUF waliamini wanao wingi wa kuchukua umeya, umeya ukaenda CCM, na mgogoro uliofuata ukalitia ganzi baraza la jiji. Profesa Lipumba, aliyejiuzulu uenyekiti Agosti 2015 kwa kutokubali ujio wa Lowassa, alibadili nia 2016, na Msajili wa Vyama vya Siasa akamtambua kuwa mwenyekiti halali, uamuzi ambao upande wa Maalim Seif uliuona kuwa ni mkono wa dola ndani ya nyumba ya watu. Ikaja mikutano ya hadhara kuzuiwa, ikaja Novemba 2019, uchaguzi wa serikali za mitaa ambao wapinzani wengi walijitoa baada ya wagombea wao kuenguliwa kwa wingi, na CCM ikatwaa zaidi ya asilimia 99 ya nafasi.

Wanaosema chama kilijiua wanajibu kwa orodha yao. Hakuna aliyemlazimisha mwenyekiti kuondoka wiki chache kabla ya kampeni, wala kurudi baada ya uchaguzi kana kwamba barua haikuandikwa. Hakuna aliyewalazimisha viongozi wa pande mbili kufukuzana, kupigania ofisi na kuifanya ruzuku kuwa sehemu ya ugomvi. Julai 2017 wabunge 8 wa viti maalumu walivuliwa uanachama na upande wa Lipumba, na muda si mrefu wabunge wa Kinondoni, Liwale na Temeke wakahamia CCM mmoja baada ya mwingine. Kila aliyehama alikuwa na sababu zake, lakini mpiga kura aliyesimama juani kumchagua hakuulizwa.

Ninapozipima hoja hizi, kipimo changu ni kulinganisha CUF na CHADEMA. Kama mkono wa dola pekee ndio ungekuwa sababu, vyama vyote viwili vingeanguka kwa namna moja. Na kweli, 2020 vilianguka vyote: CHADEMA ilibakiwa na kiti kimoja cha jimbo nchi nzima, na Lipumba alipata chini ya asilimia 1 ya kura za urais. Lakini mikutano ya hadhara iliporuhusiwa tena Januari 2023, CHADEMA iliwakuta watu wake wakiisubiri, ilhali CUF iliwakuta wake wameshagawanyika mara mbili, wengine wakiwa wamekwenda ACT-Wazalendo, chama alichohamia Maalim Seif, na wengine wakiwa wamekaa nyumbani. Shinikizo la nje liliviondolea vyama viti. Kilichoiondolea CUF watu wenyewe, kwa kadiri ninavyoona, ni mpasuko wa ndani, na mpasuko huo ulianza 2015, kabla ya mengi ya yale yanayolalamikiwa. Ninakiri kwamba mpasuko huo ungeweza kuzibwa kama kusingekuwa na mamlaka iliyoamua nani ni mwenyekiti, na katika hilo nawapa haki wale wa upande wa kwanza. Uchaguzi wa Oktoba 2025 hautusaidii kupima lolote, kwa kuwa katika urais wa Muungano hawakuwamo wagombea wa CHADEMA wala wa ACT-Wazalendo.

Machi 18, 2019, siku Mahakama Kuu ilipotoa hukumu iliyompa Lipumba ushindi, Maalim Seif alitangaza kuhamia ACT-Wazalendo, na wafuasi wake wakapokea kaulimbiu ya mabaharia: "Shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee." Visiwani maneno hayo yalitekelezwa kwa kasi ya kushangaza. Ofisi zilizokuwa za CUF zilipakwa rangi ya zambarau, na watu wakavuka na kiongozi wao kwa sababu walichokuwa wakikifuata miaka yote hiyo ni yeye na dai lao, na jina la chama lilikuwa la pili. Kura zao zilikuwa zao, kwa hiyo zilihamishika. Alipofariki Februari 2021 akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais kwa tiketi ya ACT, chama alichokihamia kilikuwa tayari kimerithi Pemba.

Hapa kwetu haikuwa hivyo. Kwa sheria, mbunge anayehama chama hupoteza kiti, kwa hiyo wabunge wa CUF walibaki na jina la chama hadi muhula ulipokwisha, wakati nusu ya chama hicho ilishaondoka. Mwanachama wa tawi la Makorora aliyempenda Maalim na aliyempigia kura mbunge wake alitakiwa kuchagua kati ya mambo mawili ambayo mwaka 2015 yalikuwa kitu kimoja. Yule aliyekuja CUF kwa wimbi la Ukawa hakuwa na sababu ya kubaki, na yule aliyekuwamo tangu miaka ya tisini hakuwa na tawi la kwenda. Matawi ya ACT hayakuwa yamejengwa kwa miaka 20 kama yale aliyoyaacha. Ndiyo maana, ninapomsikia mtu akisema kura za upinzani za Tanga zimepotea, huwa namuuliza ni zipi: zile za wimbi, ambazo zitarudi siku kukiwa na wimbi jingine, au zile za wazee wa matawi, ambao wengi wao wameshatangulia mbele ya haki na wengine hawana tena nguvu za kufungua ofisi kila asubuhi.