Usiitupe Kompyuta Kuukuu kwa Sababu ya Picha Ghafi

Mtu akiuliza kama kompyuta yake ya zamani inaweza kuchakata picha za RAW (faili ghafi, yaani data ya kamera kabla haijageuzwa kuwa picha ya kawaida), mara nyingi hujibiwa kwa mkato: nunua mpya. Nalipinga jibu hilo kwa dhati. Linawafukuza wasio na fedha kabla hawajaonja utamu wa faili ghafi.

Utamu huo si wa kufikirika. JPEG, aina ya kawaida ya faili ya picha, huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, ilhali faili ghafi ya biti 14 ina nafasi ya ngazi 16,384. Ndiyo maana uso uliozama kivulini huinuka ukiwa bado na rangi yake. (Mawingu yaliyoungua kabisa kwa mwanga mwingi hayarudi, hata kwa mashine ya kifahari.)

Uzito nao upo. Picha ya megapikseli 24, kila pikseli ikishapewa rangi zake 3 kwa namba za biti 32, hula takribani megabaiti 288 za RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), na programu huhitaji zaidi ya nakala moja ya namna hiyo kwa wakati mmoja. Kwenye kompyuta ya gigabaiti 4, mfumo endeshi na kivinjari vikishachukua fungu lao, kinachobaki hakitoshi. Ziada huanza kuandikwa kwenye diski, na hapo ndipo kila kitu huganda. Watu huilaumu prosesa. Prosesa ya zamani huchelewa tu. Kinachokukwamisha ni RAM.

Basi fedha kidogo uliyonayo iende kwenye RAM kwanza, kama mashine inakubali kuongezewa, kisha kwenye SSD, ile diski ya kasi. Kufunga kivinjari ni bure.

Programu pia ni za bure: darktable na RawTherapee. Kwa mashine dhaifu napendelea RawTherapee, kwa kuwa haitegemei kadi ya grafiki. darktable huitumia kadi ikiwepo, na isipokuwepo kazi yote huiangukia prosesa.

Ila jambo ninalolishikilia zaidi ni mpangilio wa kazi, na hili halina bei. Usifungue picha zote kwenye programu nzito. Faili ghafi nyingi hubeba JPEG ndani yake, na kitazamaji chepesi huionyesha papo hapo. Chagua hapo, bila huruma. Zilizobaki ndizo uzifungue, uanze na mizani ya weupe (kurekebisha rangi ili cheupe kionekane cheupe), mwangaza na kukata kingo. Kuondoa chenga, yaani vidoa vya chembechembe kwenye picha, kuwe mwisho, kwa kuwa ndiko kunakoilemea mashine. Hutaharibu chochote kwa kuchelewesha, maana programu hizi hupanga hatua zake zenyewe, haijalishi ulianza kugusa kipi. Ukimaliza, ziweke picha kwenye foleni ya kuchakatwa, ukalale. Asubuhi zitakuwa tayari, na hakuna atakayezitazama akajua zilichukua usiku kucha.

Mahali ninapokubali kwamba ukuukuu ni kikwazo kweli ni kwenye kuondoa chenga kwa akili unde. Bila kadi ya grafiki ya kisasa, picha moja inaweza kuchukua dakika nyingi. Anayepiga usiku kwa ISO kubwa (kamera ikiwa imeongezewa wepesi wa kuhisi mwanga), tena kwa kazi ya kulipwa yenye tarehe ya kukabidhi, ana sababu halali ya kununua mashine mpya. Anayepiga mchana kwenye mwanga mzuri hana haraka hiyo, na kama kuna akiba, afadhali anunue diski ya pili ya kuhifadhia nakala za faili zake ghafi.