Usiseme "naingia kwa rimoti" tu, sema unaingiaje

Ijumaa iliyopita, saa kumi kasoro robo alasiri, simu yangu iliita. Mama wa uhasibu, tawi la Morogoro. Nikamwamkia, hata marahaba hakunipa. "Mwanangu, kompyuta imekufa na kazi yangu yote imo humo." Ilikuwa mwisho wa mwezi, na tangu asubuhi alikuwa analinganisha taarifa ya benki na risiti, mstari kwa mstari.

Nilipomuuliza taratibu, nikagundua kompyuta haikufa. Fundi kijana, wa kampuni inayotufanyia matengenezo, alikuwa amempigia: "Mama, naingia kwa rimoti dakika mbili nirekebishe printa." Akamwomba nywila, akapewa. Muda si muda, hesabu zote zikaondoka kwenye skrini, ikabaki picha ya mlima na saa. Akibonyeza, anadaiwa nywila. Akakumbuka habari za wezi wa mtandaoni wanaowafungia watu kompyuta na kudai fedha. Akainama chini ya meza, akachomoa waya ukutani.

Simlaumu hata kidogo. Mtu mzima, peke yake ofisini, anaona kazi yake inamtoka mikononi bila maelezo. Afanye nini?

Kilichotokea ni hiki. Fundi aliingia kwa RDP, ile njia ya Microsoft ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali nayo, kwa akaunti ya mama mwenyewe. Kwenye Windows ya kawaida ya ofisini, ukiingia hivyo huchungulii skrini ya mtu, unaichukua. Sesheni nzima, yaani kila alichokuwa amekifungua, inahamia kwako na kompyuta ya kule inajifunga. Faili za mama zilikuwa wazi vilevile zilivyokuwa, ila sasa ziko mbele ya macho ya fundi aliyekaa Dar. Kama mama angeandika tu nywila yake, zingerudi zote mbele yake na fundi ndiye angetolewa nje. Hakuna aliyemwambia. Waya ulipochomoka, ndipo zikapotea kweli. Excel ilimrudishia nakala ya saa sita mchana. Karibu masaa manne ya kazi yamekwenda, na ile printa hadi hapo bado haichapi.

Kinachoniuma ni kwamba njia ya kumsaidia mtu aliyekaa kwenye kiti chake ipo, na ni ya zamani. Inaitwa VNC. Ilizaliwa kwenye maabara ya Olivetti kule Cambridge, Uingereza, miaka ya 1990, na kazi yake ni kuchukua picha ya skrini ilivyo na kukuletea. Mnatazama kitu kimoja. Mwenye kompyuta anakiona kipanya kinavyotembea, anaona umefungua nini, na akishituka anakishika mwenyewe. Programu za TeamViewer na AnyDesk nazo hufanya hivyo. Microsoft wenyewe walilijua hili: Windows XP ilipotoka mwaka 2001, toleo la Professional lilikuja na vitu viwili tofauti, Remote Desktop (ndiyo hiyo RDP) ya kuingia kwenye mashine yako ukiwa mbali, na Remote Assistance ya kumsaidia mwenzako huku anakuona. Sisi mafundi tukavitia vyote kapu moja, tukaliita kapu "rimoti", na tunamtegemea mama wa uhasibu ajue tumechomoa kipi.

Na ukigeuza mambo, madhara yanageuka nayo. Usiku mmoja nilipita kwenye ofisi fulani kubadilisha swichi ya mtandao. Kwenye chumba kimoja skrini ilikuwa inawaka na kishale kinatembea chenyewe. Mtu alikuwa nyumbani kwake, ameingia kwa VNC, anapanga mishahara. Majina na fedha vyote viko wazi, na mlinzi na mimi tumesimama mlangoni tunaviona. Niliizima skrini nikaondoka na aibu ya kujua nisichopaswa kujua. Pale ndipo RDP ilipohitajika, kwa sababu ileile iliyomtisha mama: inafunga skrini ya kule.

Nakubali, kijana alikuwa na hoja moja. Mtandao wa tawi lile ni dhaifu, na RDP huwa nyepesi wakati VNC inasuasua. Mimi mwenyewe kwenye seva, zile kompyuta kuu zinazohudumia nyingine, natumia RDP kutwa. Lakini mbele ya seva hakuna mtu aliyekaa na kazi yake ya kutwa.

Mengine nayasema kwa haraka. Nywila haiombwi kwa simu, hata na fundi. Poti namba 3389, mlango ambao RDP hupitia, isiachwe wazi kwa intaneti nzima: mwaka 2019 lilipogundulika tundu la usalama liitwalo BlueKeep kwenye RDP, Microsoft walitoa kiraka cha kuliziba hadi cha XP, ambayo walishaacha kuihudumia tangu 2014. Na zile namba za AnyDesk zinazomwezesha mtu kuingia kwenye kompyuta yako, mtu usiyemjua akikupigia anajiita wa benki na anazitaka, kata simu.

Nililonalo moyoni ni lile la kwanza. Kabla hujagusa kompyuta ya mtu, mwambie atakachokiona. "Mama, skrini itajifunga, usiogope, kazi yako haijapotea." Au, "Mama, utaona kipanya kinatembea, ni mimi." Ni sekunde kumi za maneno.

Jumatatu nilimpigia mwenyewe kuhusu ile printa. Safari hii marahaba nilipewa.

"Naomba kuingia kwenye kompyuta yako, mama."

Akanyamaza kidogo. "Unakuja tutazame wote, au unaniondoa kwenye kiti?"

"Tunatazama wote. Ukikishika kipanya, mimi natulia."

"Haya, ngoja kwanza nihifadhi."