Kutaka makubwa si usaliti

Meneja aliigeuza simu yake, akaisukuma juu ya meza mpaka ikagusa kitabu cha wageni. Kwenye kioo palikuwa na picha niliyoipiga mwenyewe kijijini Kidike: popo wa Pemba wananing'inia mchana kweupe, mmoja kakunjua bawa, jua linapenya kwenye ngozi yake. Chini nilikuwa nimeandika kwamba iko siku nitakuwa na kampuni yangu ya kuwatembeza wageni Pemba, Kidike mpaka msitu wa Ngezi.

"Kumbe wewe kwetu unapita tu," akasema.

Nilikuwa mwaka wa tatu mapokezi, hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Nafasi ya msimamizi wa zamu niliyokuwa nikiisubiri akapewa mwengine. Sikuwa nimeandika neno baya juu ya hoteli, wala mgeni, wala siasa. Nilisema ninachokitaka, basi.

Hiyo ilikuwa 2018, mwaka ule ule kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipowataka wenye blogu wakate leseni ya shilingi 1,000,000, mbali na 100,000 za maombi. Nilikuwa na blogu ndogo ya popo na ndege. Nikaifunga, picha nikazihamishia Instagram. Mama akinipigia simu neno lake likawa moja: "Mwanangu, jifunike."

Leo naishi Leicester, Uingereza. Nilipoitwa usaili kwenye kampuni ya usafirishaji, mama aliyenihoji alikuwa ameshauona ukurasa wangu. Alianza na popo. Vipi hawapatikani pengine popote duniani? Nani alinifundisha kupiga picha? Kisha akauliza miaka mitano ijayo najiona wapi. Nikajibu kwa woga niliotoka nao nyumbani: hapahapa, inshallah. Nikamwona amepoa. Nikavuta pumzi, nikamweleza habari ya kampuni yangu ya Pemba, na yale ninayotaka kujifunza kwao kwanza. Kazi nikapata.

Sisemi huku ni peponi. Huku wanakupekua kimya kimya, halafu unaletewa barua pepe kwamba wamechagua wengine, hujui kilichokuponza. Lakini sheria inanipa haki ya kuiomba kampuni inioneshe ilichoandika juu yangu, nayo ijibu ndani ya mwezi mmoja. Nimeitumia mara moja, baada ya kukataliwa mahali. Nikakuta mistari miwili: anafaa, ila anataka kupanda haraka. Yale yale ya yule meneja! Tofauti ni kwamba safari hii niliyashika mkononi, nikaandika kuyapinga.

Kwetu maneno kama hayo hayaandikwi. Yanapita barazani. Ukiposti asubuhi Konde, Pemba, adhuhuri yameshafika Darajani, mjini Unguja, na barua yako ya maombi inaingia ofisini ikiwa imeshatanguliwa na sifa ya kuwa unajikweza. Nani utamwandikia kupinga? Hili ndilo linaloniuma zaidi ya ile nafasi niliyoikosa.

Nina mpwa wangu amemaliza chuo. Anatengeneza sabuni ya mwani, na video zake anazirikodi mwenyewe: bibi yake anautandaza mwani juu ya makuti, yeye anausaga, anapima mafuta ya nazi kwa kikombe kile kile kila mara, na siku sabuni inapokataa kuganda anaionesha vilevile. Mwenye kuajiri akitazama dakika tano tu atamjua kijana huyu ni mvumilivu, mkweli, anajua kuhesabu. Cheti gani kitamwambia hayo? Mwiteni basi, mumuulize anataka kufika wapi, na akiwa kwenu atawafanyia nini.

Mwezi uliopita ameomba kazi serikalini. Ijumaa nikautafuta ukurasa wake, nikakuta ameufunga. Nikampigia.

"Mjomba," akaniambia, "nikishaajiriwa nitaufungua."