Jina la Nyanza litangulie: ziwa letu na akina Victoria wengine

Ukiwa kwenye lango la bandari ya Mwanza jioni ya safari ya Bukoba na ukamsikia mtu akiuliza kama Victoria imeshaanza kupakia, huna haja ya kujiuliza anazungumzia nini. Anaulizia meli. Kwetu sisi wa Mwanza, Victoria ni meli, au ni shangazi aliyebatizwa jina hilo parokiani. Na kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam ni kituo cha daladala kwenye barabara ya kwenda Bagamoyo. Ziwa lenyewe huitwa ziwa tu. Wavuvi hushinda ziwani, upepo wa asubuhi hutoka ziwani, sangara na dagaa hutoka ziwani, na mikoa yote inayolizunguka upande wetu huitwa Kanda ya Ziwa bila mtu yeyote kuuliza ni ziwa lipi. Jina la Victoria hulikuta ziwa hili kwenye ramani, vitabu vya shule na hati za serikali, na hata huko, kwa maoni yangu, halipaswi kuendelea kusimama peke yake. Ningependa liandikwe Nyanza kwanza, jina la wenyeji, kisha Victoria, na nitaeleza kwa nini.

Mwenye jina, Malkia Victoria wa Uingereza, alizaliwa London tarehe 24 Mei 1819, akabatizwa Alexandrina Victoria, jina la pili likiwa la mama yake aliyetoka Ujerumani. Wakati huo Victoria halikuwa jina la kawaida Uingereza; kabla hajatawala, wapo wakubwa waliotaka libadilishwe aitwe Charlotte au Elizabeth, kwa sababu lilisikika la kigeni masikioni mwao. Halikubadilishwa. Akakalia kiti cha enzi kuanzia Juni 1837 hadi alipofariki tarehe 22 Januari 1901, na katika miaka hiyo zaidi ya 63 himaya yake ikasambaa duniani pamoja na jina lake. Mwaka 1843 kampuni ya biashara ya ngozi za wanyama ilijenga ngome kwenye kisiwa cha Vancouver, na ngome hiyo leo ni Victoria, makao makuu ya jimbo la British Columbia nchini Kanada. Mwaka 1851 sehemu ya New South Wales ilimegwa ikawa koloni la Victoria, ambalo sasa ni jimbo la Australia lenye jiji la Melbourne. Mji mkuu wa Shelisheli ni Victoria, na katikati yake upo mnara wa saa uliosimamishwa mwaka 1903 kwa kumbukumbu ya malkia huyo. Novemba 1855 David Livingstone alifika kwenye maporomoko ya mto Zambezi, akayapa jina lilelile. Mwaka 1858 mmisionari Alfred Saker alianzisha makazi ya Victoria kwenye pwani ya Kamerun, na mwaka huohuo mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke akafika huku kwetu.

Malkia mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika. Silitaji hilo kwa chuki, kwa maana hakuwa yeye aliyekuwa akitembea na kuandika jina lake juu ya maji ya watu. Walioliandika walikuwa na sababu zao: kuonyesha utii, kutafuta heshima nyumbani na kuweka alama ya madai ya nchi. Kwa kuwa sababu ilikuwa moja kila mahali, jina nalo likawa moja kila mahali, na ndiyo maana halielezi lolote kuhusu mahali hata pamoja. Maporomoko, ngome, koloni, bandari na ziwa vyote vilipewa jibu lilelile kabla hata swali halijaulizwa.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo. Speke alitoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, akimwacha mwenzake Richard Burton akiwa mgonjwa. Mwanzoni mwa Agosti 1858 alisimama kwenye kilima karibu na hapa Mwanza, akatazama maji yasiyo na mwisho upande wa kaskazini, na baada ya siku chache akageuza kurudi. Hakulizunguka ziwa. Sehemu kubwa ya aliyoyaandika kuhusu ukubwa wake aliyapata kwa kuuliza watu waliokuwa wakiishi na kufanya biashara huku. Na jina alilowapelekea Waingereza lilikuwa Victoria Nyanza. Jina alilolikuta hakulifuta. Alilibandikia jingine mbele. Kwa miaka mingi ramani za Waingereza zenyewe ziliandika hivyo, mpaka Nyanza ikadondoka kidogokidogo ikabaki Victoria pekee. Kwa hiyo anayedhani kwamba kuirudisha Nyanza ni kuvunja historia, ajue kwamba historia yenyewe ilikuwa na majina mawili, na kilichopotea njiani ni lile la wenyeji. Speke naye hakukosa fungu lake: ghuba inayoanzia mashariki ya jiji letu kuelekea Magu na Bunda bado inaandikwa kwa jina lake.

Mpwa wangu wa darasa la sita alinijia siku moja na atlasi akiwa ameweka kidole kwenye ukurasa wa Kanada. Alikuwa ameona kisiwa cha Victoria huko kaskazini kwenye barafu, kisiwa ambacho eneo lake, zaidi ya kilomita za mraba 217,000, ni kubwa zaidi ya mara tatu ya ziwa letu lenye takriban 68,800. Akafungua Australia, akalikuta jimbo. Akafungua kusini mwa Afrika, akayakuta maporomoko. Kisha akaniuliza, “Mjomba, huyu Victoria kwao ni wapi kati ya hapa?” Nilimweleza kwamba kwao si popote kati ya hapo. Akaendelea kuuliza, kama watoto wanavyofanya, kama watu wa huko nao walikuwa na jina lao kabla. Nadhani swali hilo la pili ndilo linalopaswa kuwa mwanzo wa somo la jiografia katika kila shule iliyo kandokando ya ziwa hili, kuanzia Musoma mpaka Bukoba.

Si kila Victoria anatokana na malkia, na ni haki kulisema hilo. Ciudad Victoria nchini Meksiko na mji wa Victoria huko Texas vinamkumbuka Guadalupe Victoria, rais wa kwanza wa Meksiko, aliyejichagulia jina hilo wakati wa vita vya uhuru dhidi ya Hispania. Wasichana wengi wa Kanda ya Ziwa wanaobatizwa Victoria hupewa jina hilo kwa imani au kwa kumkumbuka bibi. Majina hayo yana wenyewe, na sina neno nayo.

Jina likigawanywa mno huleta pia usumbufu wa kazi. Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington nchini New Zealand kiliwahi kulia kwamba kinachanganywa na vyuo vingine vyenye jina hilo. Kanada kuna kimoja mjini Victoria, Melbourne kuna kingine, na hapa jirani Kampala kuna kingine. Mwaka 2018 baraza la chuo hicho likaamua kiitwe Chuo Kikuu cha Wellington, lakini waziri wa elimu akakataa ombi hilo mwishoni mwa mwaka, na jina likabaki. Hata hivyo chuo kina neno Wellington la kukitambulisha. Ziwa letu halina kitu cha namna hiyo. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyopo Kisumu na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lililopo Jinja vimerithi jina hilo, na kila hati inayotoka huko inazidi kulipigilia misumari.

Wenzetu wengine wameshapita njia hii. Ule mji wa Saker kule Kamerun unaitwa Limbe tangu mwaka 1982. Mwaka huohuo Fort Victoria ya Zimbabwe ikawa Masvingo. Kituo kikubwa cha treni cha Mumbai, kilichojulikana kama Victoria Terminus, kilipewa jina la mfalme Shivaji mwaka 1996. Kule Gozo, nchini Malta, mambo yalikwenda kinyume: mwaka 1887, malkia alipotimiza miaka 50 ya utawala, mji wa Rabat ulibadilishwa jina ukawa Victoria, lakini wenyeji hawajaacha kuuita Rabat mpaka leo. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Zambezi. UNESCO ilipoyaandikisha maporomoko kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1989, iliandika majina mawili, Mosi-oa-Tunya na Victoria Falls, na la wenyeji ndilo lililotangulia. Watalii hawakupotea njia.

Tena hatuhitaji kwenda mbali hivyo, kwa sababu Mwanza yenyewe imeshafanya jambo hili. Wakulima wa pamba wa Usukuma walipojikusanya wauze zao lao bila kupunjwa kwenye mizani, waliunda chini ya uongozi wa Paul Bomani shirikisho la vyama vya ushirika ambalo tangu mwaka 1955 lilibeba jina la Victoria. Lilikuwa chombo kikubwa, lenye vyama vingi vya msingi na viwanda vya kuchambulia pamba, na lilikuwa fahari ya Waafrika enzi za ukoloni. Ushirika ulipopangwa upya mwishoni mwa miaka ya 1960, jina lililoshika likawa Nyanza, na wazee wa huku mpaka leo wakisema “Nyanza” bila kuongeza neno wanamaanisha chama hicho kikuu cha ushirika, NCU (Nyanza Cooperative Union). Mkulima hakushindwa kujua aupeleke wapi mzigo wake eti kwa sababu bango limebadilika.

Najua hoja za wanaopinga, na ile nzito kuliko zote ni kwamba Nyanza nalo lina wenyewe wengi. Kenya ilikuwa na mkoa wa Nyanza, Rwanda ina mji wa Nyanza uliokuwa makao ya wafalme, na Burundi kuna Nyanza-Lac kwenye ufuko wa ziwa Tanganyika. Isitoshe, kwa ziwa hilihili Waganda wana Nnalubaale yao na Wajaluo wana Nam Lolwe. Hoja hii ni ya kweli na siwezi kuipuuza. Lakini kushirikiana jina na Rwanda, Burundi na Kenya ni kushirikiana na majirani ambao lugha zao zimelelewa pamoja na zetu. Ushirika huo una maana ambayo hatuipati kwa kushirikiana na kisiwa cha barafu. Na sipendekezi Uganda iache jina lake wala Wajaluo waache lao. Kila nchi itangulize la kwake katika vitabu vyake, na Victoria lifuate nyuma ili mgeni asipotee. Ziwa linalogawanywa na nchi tatu, nasi tukiwa na karibu nusu yake, linaweza kubeba majina hayo yote.

Meli ningeiacha na jina lake. Ilijengwa Scotland, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza safari mwaka 1961. Baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996 na kuacha vilio katika kila kata ya mikoa hii, ndiyo iliyoendelea kuwavusha watu waliokuwa bado wanaogopa kupanda. Ilisimama kwa miaka kadhaa, ikakarabatiwa upya, na ikarudi majini mwaka 2020 ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, jina ambalo abiria walilikata palepale likabaki Victoria. Jina hilo imelipata kwa kufanya kazi, kwa mikungu ya ndizi iliyoishusha hapa alfajiri na wanafunzi iliowapeleka shule ng’ambo.

Kwa upande wa ziwa, hatua ya kwanza haihitaji mkataba wa nchi tatu. Taasisi ya Elimu Tanzania inaweza kuanza na kitabu kimoja cha jiografia cha shule ya msingi kitakapochapishwa upya: Ziwa Nyanza, na kando yake Victoria. Halmashauri za Mwanza zinaweza kufanya vivyo hivyo kwenye mabango ya uwanja wa ndege, stendi ya Nyegezi na bandarini. Mazungumzo na Kenya na Uganda yafuate, na kwa kuwa kamisheni ya bonde tayari ipo Kisumu, meza ya kuyafanyia haihitaji kutafutwa.