Huo Ni Mrashi, Si Chombo cha Maua

Kila nikiingia duka la vitu vya kale, iwe Mombasa au Unguja, nakikuta kilekile: chombo cha shaba au cha fedha, tumbo la mviringo, shingo ndefu nyembamba, na juu kabisa kichwa kidogo chenye vitundu. Mteja hukizungusha mkononi akauliza ni cha nini. Mara nyingi huambiwa ni cha kuwekea maua. Jibu hilo linaniuma. Ua gani litapenya vitundu vile?

Ni mrashi. Zungusha kichwa kitafunguka. Humo ndimo hutiwa marashi ya mawaridi. Ukitaka uhakika, tia maji kidogo, funga, kisha upindue. Hayamwagiki. Yanang'ang'ania vitunduni mpaka mkono uutikise, ndipo matone machache yanaruka. Fundi alikusudia hivyo, maana marashi ni kitu cha thamani. Kule Jabal Akhdar, Oman, mawaridi huchumwa mwezi wa Aprili hivi, yakachemshwa, na mvuke wake ukakusanywa tone kwa tone. Nani amimine kitu kama hicho ovyo?

Kwenye maulidi, watu wanaposimama kwa kiyamu, yaani kumsalia Mtume wakiwa wima, mmoja hupita na mrashi, mwingine na chetezo kinachofuka udi. Unakinga viganja, unajipaka usoni na nguoni. Harusini ni hivyohivyo.

Ninachosisitiza ni kwamba chombo cha kale kichunguzwe kwa alama za matumizi, si kwa umbo peke yake. Tazama shingoni, mkono uliposhika miaka na miaka: nakshi zimelika, zinateleza, ilhali chini ya tumbo bado zinakwaruza kidole. Kama fedha ilikuwa ya kupakwa tu, shaba huanza kuchungulia hapohapo. Kwa hiyo mrashi ukitoka kwenye kasha la bibi, tafadhali usikimbilie ndimu na majivu. Ukiusugua mpaka ung'ae, alama hizo unazifuta mwenyewe, na hazirudi. Futa vumbi kwa kitambaa laini, basi, kisha muulize bibi ulitumika katika shughuli zipi.

Nanyi wenye maduka, nawaomba mbadilishe vibandiko. Andikeni "mrashi", na mteja akiuliza, mfungulieni kichwa aone unavyofanya kazi.